Mtutu Hausomi Greni

Tundu kwenye karatasi halikuwa la duara. Lilikuwa refu, pana upande mmoja na lenye ncha upande wa pili, umbo kamili la kichwa cha risasi kilichopita kimelala ubavu. Umbali ulikuwa mita mia tu. Vichwa viwili vilivyofuata havikuigusa karatasi kabisa: kimoja kilitimua vumbi kwenye tuta, kushoto kabisa, na kingine hatukujua kilikoangukia.

Mzee mwenye bunduki aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema neno moja ambalo sitaliandika hapa.

Tulikuwa kwenye malisho yake, magharibi mwa South Dakota, si mbali sana na Rapid City ambako naishi na kuchonga vyuma kiwandani. Bunduki ni ya zamani, ya risasi aina ya .22-250, aliyoachiwa na baba yake, na kwa miaka mingi imelinda ndama dhidi ya koyote, mbwa mwitu wadogo wa Marekani. Mkwewe, anayejaza risasi mwenyewe nyumbani, alikuwa amemtengenezea boksi jipya lenye vichwa vya greni 69, vyembamba, virefu, vya kukata upepo. Greni ni kipimo cha uzito wa vichwa vya risasi. Zile alizozoea zilikuwa na vichwa vya greni 55. Tofauti ni greni 14. Haifiki hata gramu moja.

Hiyo gramu isiyofika ndiyo iliyoniganda kichwani kwa wiki kadhaa.

Kila mtu anajibu kwa uzito

Niliuliza. Muuza bunduki mmoja akasema mtutu umekwisha, mzee anunue mpya. Jamaa wa kazini, mwindaji wa siku nyingi, akasema 69 ni nzito mno kwa bunduki hiyo, arudi kwenye 55. Mkwe mwenyewe alijitetea kwamba anazo bunduki mbili za saizi hiyohiyo ya kichwa na zinapiga 69 bila shida.

Wote watatu walikuwa na ukweli fulani mkononi, na hakuna aliyenieleza sababu. Kwa nini kichwa kipinduke hewani kwa kuzidi uzito wa gramu moja kasoro? Uzito haupindui kitu. Ukirusha jiwe zito na jiwe jepesi, hakuna linaloamua kuruka kwa mgongo.

Huku kuna bunduki zinazotengenezwa mahususi kwa wanyama waharibifu: mtutu mnene, kichwa chepesi, mwendo mkali. Koyote wamo, na wale kindi wa nyanda wanaotoboa malisho mashimo kila mahali. Kwetu kazi ya namna hiyo tulimwachia Bwana Nyama, na kabla Bwana Nyama hajafika babu alikuwa keshatoka na gobore lake kuwasubiri nguruwe pori shambani. Gobore halina mifuo, yaani michirizi ya kusokota, ndani ya mtutu. Gololi yake ikitoka, inatoka hivyohivyo, na hata ikijigeuza njiani hakuna atakayejua, maana gololi haina mbele wala nyuma.

Kichwa cha risasi cha siku hizi kina mbele na nyuma. Shida inaanzia hapo.

Profesa na namba 150

Kichwa kirefu kinaweza kuruka kikitanguliza ncha kwa sababu kinazunguka, kama pia ya watoto. Mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu inakishika na kukisokota. Bunduki ya mzee inamaliza mzunguko mmoja kila inchi 14. Za mkwe, nilipomuuliza, moja ni inchi 8 na nyingine 9. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo msokoto unavyobana na kichwa kinavyozunguka kwa kasi zaidi.

Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, mwalimu wa hisabati aliyekuwa akifundisha maofisa wa mizinga huko Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni fupi ajabu. Chukua kipenyo cha kichwa kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 150, gawanya kwa urefu wa kichwa, nao kwa inchi. Jibu ni inchi za msokoto unaohitajika. Kwa mwendo mkali wa bunduki za leo, wengi huweka 180 badala ya 150.

Isome tena. Uzito uko wapi?

Haumo. Kuna kipenyo na kuna urefu, basi. Nilichukua kalipa, kifaa cha kupimia unene na urefu, nikapima vichwa vyenyewe mezani. Cha greni 55 cha mzee, cha kitako bapa chini na ncha laini juu, kilikuwa na milimita 18.8. Cha greni 69 kilikuwa na 22.9. Kwa Greenhill ya 180, cha kwanza kinataka msokoto wa inchi 12 hivi. Cha pili kinataka 10. Mtutu wa mzee una 14.

Kwa hiyo hata kile cha 55, kilichokuwa kikiua koyote tangu enzi za baba yake, kwenye karatasi hakikustahili kusimama.

Hapo nililala vibaya kidogo. Kanuni inayosema kitu kinachofanya kazi hakifanyi kazi ni kanuni ya kuchunguzwa.

Nilianza na fimbo ya kusafishia

Kwanza nilitaka kujua kama kweli ni 14. Kilichoandikwa kwenye vitabu vya kiwanda ni ahadi, na mimi kazini nalipwa kutoamini ahadi za michoro. Unachukua fimbo ya kusafishia ambayo mpini wake unazunguka huru, unaivalisha kitambaa kinachobana, unaiingiza hadi ishike mifuo. Unaweka alama ya kalamu juu ya fimbo, na alama nyingine usawa wa mdomo wa mtutu. Halafu unasukuma polepole. Fimbo inageuka yenyewe mkononi, unaihisi kabisa mifuo ikiipeleka. Alama ya juu inaondoka, inazama upande wa pili, inarudi juu. Unapima fimbo imesafiri kiasi gani.

Ilikuwa 14, na unywele tu.

Baridi inaingia kwenye hesabu

Iko kanuni mpya zaidi, ya Don Miller, iliyochapishwa 2005. Hii inaingiza uzito, lakini inaupa heshima ndogo. Urefu ndio unaopigiwa hesabu mara kwa mara ndani yake. Jibu lake ni namba ya uthabiti. Chini ya 1 kichwa kinapinduka. Watu makini wanataka 1.4 au 1.5 ili walale usingizi.

Kizuri cha Miller ni kwamba anakubali hewa ni kitu. Mwendo unaingia, joto linaingia, na kanieneo ya hewa inaingia. Malisho ya mzee yako juu, kama mita 980 kutoka usawa wa bahari, hewa yake nyepesi kuliko ya Dar. Nilipoweka joto la nyuzi 30, kichwa cha greni 55 kilipata kama 1.2. Si raha, lakini kinasimama. Nilipoweka nyuzi 25 chini ya sifuri, asubuhi ya kawaida kabisa ya Januari huku, namba ikashuka hadi 1.0.

Mstarini hasa.

Nikampigia mzee simu, nikamuuliza kama bunduki ile huwa inakosa zaidi wakati wa baridi. Akacheka. Akasema baba yake alikuwa akilalamika kila Januari kwamba mikono yake inatetemeka.

Jambo hili limewahi kulifunza jeshi zima. M16 za mwanzo, bunduki za jeshi la Marekani, zilikuwa na msokoto wa inchi 14, uleule wa bunduki za wanyama waharibifu, kwa sababu saizi yake ilizaliwa kutoka ukoo huohuo. Majaribio ya baridi kali, nyuzi 54 chini ya sifuri, yakaonyesha vichwa vinayumba, maana hewa ya baridi ni nzito na inakisukuma kichwa kwa nguvu zaidi. Mwaka 1963 wakabana hadi 12. Miaka ya 1980 wakabana hadi 7, na hapo sababu haikuwa baridi. Ilikuwa urefu wa risasi ya kuonyesha njia, ile inayowaka nyuma, ambayo ni ndefu kuliko ndugu zake.

Na zile greni 69? Hata kiangazi, hata juu huku, hazifiki 0.9. Mkwe angeweza kubadilisha baruti hadi kesho.

Kamari ya 1955

Baada ya kujua hayo, swali liligeuka. Mbona kiwanda kiliweka 14 tu? Si wangebana, ili kila kichwa kisimame?

Mwaka 1955 viwanda viwili vya Marekani vilitoa bunduki za milimita 6 kwa wakati mmoja. Winchester wakaleta .243 yenye msokoto wa inchi 10. Remington wakaleta .244 yenye 12. Remington walifikiri mnunuzi wa milimita 6 ni mtu wa wanyama waharibifu, atapiga vichwa vya greni 75, labda 90, na msokoto mpole unavifaa. Winchester wakafikiri mnunuzi huyo Novemba atataka na paa, wakaweka nafasi ya greni 100.

Mnunuzi alitaka paa. Risasi ya .244 ilikuwa nzuri, ganda lake lilikuwa kubwa kidogo kuliko la mshindani, na bado ilibaki dukani. Remington wakabana msokoto hadi 9, na 1963 wakaibatiza jina jipya, 6mm Remington, lakini .243 ilikuwa imeshakwenda na soko.

Kinachonifurahisha ni kwamba zile .244 za msokoto wa 12 ziliweza kupiga vichwa vya greni 100 vyenye ncha butu. Uzito uleule, umbo fupi. Mnunuzi aliikataa bunduki kwa kusoma namba kwenye boksi.

Msokoto mpole nao haukuwa ujinga. Vichwa vya wanyama waharibifu vina ngozi ya shaba nyembamba sana, vimekusudiwa vipasuke vikigusa tu, visidunde kwenye jiwe na kuruka kuelekea nyumba ya mtu. Kichwa kinachotoka kwa mita 1,130 kwa sekunde kwenye mtutu wa inchi 14 kinazunguka mara 190,000 kwa dakika. Kitie kwenye mtutu wa inchi 8, kinakuwa 333,000. Ngozi nyembamba haivumilii. Kichwa kinafumuka hewani kabla ya kufika, na wenye darubini wanaona ukungu wa kijivu ukikatika katikati ya safari. Mkwe aliniambia ameshauona, akadhani ni macho.

Kwa hiyo aliyechonga 14 alikuwa anamjua mteja wake wa siku ile. Hakumjua mkwe.

Koo

Ningeishia hapo kama si koo la mtutu.

Mbele ya chemba, pale risasi inapokaa, kabla mifuo haijaanza, kuna kipande kifupi laini ambacho kichwa hukivuka peke yake kikiwa kimeshaachia ganda na hakijashikwa na kitu. Hicho ndicho koo. Wapiga shabaha wengi wanataka safari hiyo iwe fupi, ili kichwa kisipate nafasi ya kupinda kabla ya kushikwa. Tatizo la .22-250 ni kwamba inachoma baruti nyingi kupitia tundu dogo, na moto huo wote unapita kooni. Kila risasi inakula kidogo.

Nilipima la mzee kwa ganda lililotobolewa kitako na kufungwa kwenye bomba lenye ufito ndani. Unaweka kichwa mdomoni mwa ganda kikiwa kimelegea, unaingiza chemba, unausukuma ufito kwa kidole kimoja hadi kichwa kiguse mifuo. Si kukita, ni kugusa. Unakaza skrubu, unatoa, unapima na kalipa kutoka kitako cha ganda hadi pale kichwa kinapoanza unene wake kamili. Ncha haina maana, kila ncha ina urefu wake.

Na kichwa cha greni 55, ili kiguse mifuo, ilibidi kichomoze mpaka shingo ya ganda ishike kama milimita 2 tu. Shingo nzima ya .22-250 ina milimita 6 na kitu. Kichwa kinachoshikiliwa kwa milimita 2 ukikitikisa mfukoni kinapinda. Kamera ndogo ya kuingiza mtutuni ilionyesha sababu: mwanzo wa mifuo umechakaa, weusi, nyufa ndogondogo zimetambaa kuelekea mbele.

Sasa angalia fundo lilivyo. Msokoto wa 14 unadai kichwa kifupi. Koo lililoliwa linadai kichwa kirefu, kifike mifuo huku kikibaki kimeshikwa vizuri na ganda. Mtutu mmoja, madai mawili, na kila moja linavuta upande wake. Zile greni 69 koo lingezipokea kwa mikono miwili. Ni msokoto uliozitupa vumbini.

Nilitumia siku nyingi kulifikiria koo kuliko nilivyopaswa. Mwishowe tulijaribu: vichwa vya greni 55 vilivyoingizwa kwa kina cha kawaida, vikiruka karibu milimita 4 kabla ya mifuo, dhidi ya vilivyochomozwa hadi karibu viguse. Vya karibu tulivipunguzia baruti, kwa sababu kichwa kilichoegemea mifuo kinapandisha presha. Tofauti kwenye karatasi ilikuwepo. Kwa mtu wa mashindano ingekuwa kubwa. Kwa koyote wa mita 150, anayepigwa kutoka kwenye geti la zizi, haikuwa kitu.

Nikatoka na msimamo ambao bado ninao: msokoto ni sheria, koo ni maoni. Ukivunja la kwanza, kichwa kinalala ubavu. Ukipuuza la pili, shabaha inatanuka kidogo.

Tai wa mzee

Nilidhani tumemaliza. Mzee ndiye aliyeleta swali jipya, na halikuwa la bunduki.

Kindi wa nyanda anayepigwa haokotwi. Koyote naye mara nyingi huachwa. Asubuhi yake wanakuja tai na mwewe kula, na kichwa chembamba kilichofumuka kimeacha chembe za madini ya risasi kila mahali ndani ya nyama. Utafiti uliotoka 2022 katika jarida la Science ulipima tai 1,210 kutoka majimbo 38 ya Marekani. Karibu nusu walikuwa na dalili za kuathiriwa na sumu ya risasi kwa muda mrefu. Mzee ana jozi ya tai wa dhahabu kwenye majabali yake, na anawapenda kuliko anavyokubali. California tayari imepiga marufuku risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. South Dakota haijafanya hivyo, na sitabiri.

Tumwekee shaba, basi? Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kama gramu 9 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 11.3. Kwa uzito uleule kichwa cha shaba lazima kiwe kirefu zaidi. Greni 55 za shaba kwenye mtutu wa inchi 14 zingetupa matundu ya ubavu kama yale ya siku ya kwanza. Kila mwenye bunduki ya zamani ya aina hii anasukumwa kwenye kona hiyohiyo: sheria au dhamira inamtaka abadili madini, na mtutu wake haujui dhamira.

Njia iliyobaki ni kushuka. Vipo vichwa visivyo na madini ya risasi vya greni 35, vifupi vya kutosha kwa msokoto huu. Nilipovipima hesabu ilivuka 1 hata kwa Januari. Vina dosari zake. Upepo unavichezea. Vingine vimetengenezwa vifumuke kama unga, na kwa koyote mkubwa aliyekaa mshazari sina uhakika vitaingia ndani vya kutosha. Kumjeruhi mnyama akafie korongoni ni jambo ambalo si mzee wala mimi tunalitaka. Kwa kindi vinatosha na kubaki. Kwa koyote, tumekubaliana mita 150 ndiyo mwisho, ubavu wazi, la sivyo aachwe aende.

Mkwe anaona huo ni ukaidi. Kwake jibu ni mtutu mpya wa inchi 8, shaba ndefu, koo jipya, kila kitu mara moja, na kwa hesabu peke yake ana haki. Bunduki ingekuwa bora. Ila mzee hataki mtutu wa baba yake ugeuke chuma chakavu, na mimi kusema kweli sikumbembeleza.

Yupo fundi ambaye yuko tayari kukata kama sentimita mbili na nusu nyuma ya mtutu na kuchonga chemba upya. Nyufa zitaondoka, msokoto utabaki uleule wa 14. Fundi ameuliza koo alichonge kwa kichwa cha urefu gani, akapendekeza cha greni 55 kwa kuwa ndicho kila mtu anachotaka. Nimemtumia vichwa vitano vya greni 35 kwenye bahasha, pamoja na vipimo vyake, nikamwambia achonge kwa hivyo. Mzee bado anabishana na bei.